Mikate Ishirini na Minne

Sisi mafundi cherehani tuna ugonjwa wetu, na ugonjwa wenyewe ni uzi unaoning'inia. Mtu akisimama mbele yangu kwenye foleni, uzi umetokeza kwenye kola yake, sisikii tena lolote mpaka uzi ule ukatwe. Mkasi mdogo uko shingoni mwangu saa zote, nimeufunga kwa utepe, na wateja wangu hunitania kwamba nitazikwa nao. Siku ya mazishi ya baba nilikata uzi kwenye mkono wa koti la mtu aliyekuwa anasoma salamu za rambirambi. Aliendelea kusoma. Nasema haya mapema ili mnielewe, siyo ili mnihurumie.

Baba aliitwa Bwana Panya. Jina la kwenye cheti alilijua yeye, tulilijua sisi wanawe, na karani wa hospitali siku ya mwisho. Kazi yake ilikuwa kuua wadudu na panya majumbani kwa watu, na aliifanya miaka thelathini na moja: pampu mgongoni, buti za mpira, glavu mpaka viwikoni, kitambaa usoni. Kusoma hakujua. Alijivunia jambo moja tu, na alilisema mpaka tukamchoka, kwamba tangu aanze kazi hajaua hata kuku wa mtu. Kabla ya kutega alipita mlango kwa mlango akigonga, akasema kwa ile sauti yake ya puani, "Leo naweka. Fungeni kuku, shikeni watoto." Hakuondoka mlangoni mpaka ajibiwe.

Mimi nilimwonea aibu. Shuleni niliitwa binti wa Panya, nikapigana mara tatu, nikapigwa mara zote tatu. Nilipoolewa niliwaambia wakwe zangu kwamba baba yuko idara ya afya. Siku alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa ameoga mpaka ngozi imepauka, akaacha viatu nje, na mama mkwe alipomuuliza kazi za idara zinaendaje, alijibu, "Zinaenda, mama. Wagonjwa ni wengi." Hakuniuliza kitu, siku ile wala baadaye. Ingekuwa afadhali angenifokea.

Alikufa asubuhi akiwa amekaa kwenye kigoda anavaa buti. Moyo, walisema. Mama alikuwa ametangulia zamani. Kaka yangu anafanya kazi mbali. Alikuja, tukazika, akarudi, akaniachia ufunguo na maneno mawili: maliza haraka. Mwenye nyumba alitaka vyumba viwe wazi kufikia Jumamosi. Basi Ijumaa asubuhi sikufungua duka. Nilikwenda kwa baba peke yangu na mifuko, ndoo na vitambaa vya kufutia.

Vyumba vilikuwa viwili, jiko na stoo. Chumbani nilimaliza upesi kuliko nilivyotaka. Mashati tisa, yote yana kiraka bega la kushoto, pale mkanda wa pampu ulipokuwa unasugua. Viraka vile nilivishona mimi, kimoja kimoja, kwa miaka, na kila mara nilimwambia, "Baba, badilisha bega," naye akasema bega la kulia anamtunzia Mungu. Suruali nne. Redio iliyofungwa kwa mpira ili betri zisidondoke. Kwenye droo nilikuta miwani ya kusomea, ya mtu asiyejua kusoma. Nilipoivaa nikagundua ni vioo vitupu. Alikuwa akiivaa anapokwenda ofisi za watu, nadhani, ili wasimdharau. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka, nikakaa kitandani nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Iliyonitisha ni stoo. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kuegemea mlango wake. Baba alikuwa mpole kwa kila kitu, lakini siku moja kaka alishika kile kitasa, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kupiga, alimzaba kofi lililomwangusha. Kisha akakaa sakafuni kando yake, akitetemeka kuliko kaka mwenyewe. Sijasahau yale macho. Mtu mzima akiogopa kiasi kile, mtoto haulizi sababu, anaogopa tu kwa maisha yake yote. Sasa nina miaka arobaini na mitatu na watoto wawili, na bado nilisimama mbele ya mlango ule nikijidai natafuta ufunguo ambao ulikuwa mkononi.

Mwishowe nilijipiga moyo konde, nikajifunga kitambaa puani, nikavaa glavu zake, nikaingia. Makopo. Rafu tatu za makopo, yote ya maziwa ya unga ya aina moja, kwa sababu baba alikunywa maziwa hayo kila asubuhi na hakutupa kopo hata moja. Jikoni nako makopo ni yaleyale: la chumvi, la sukari, la majani ya chai. Kwa woga wangu sikutaka kukaa stoo hata dakika moja ya ziada. Niliyabeba yote mbiombio mpaka sebuleni, nikayaweka mezani, ya stoo kushoto na ya jikoni kulia, nikafungua madirisha, nikaanza kufuta vumbi.

Makopo ya stoo yalikuwa na nyuzi. Nyuzi nyeusi, zimezungushwa chini ya kifuniko, ncha zinaning'inia na zina mafundo. Mmeshajua nilichofanya. Mkono ulikwenda kwenye mkasi bila kuniomba ruhusa. Nilifuta kopo, nikakata uzi, nikaweka kopo kando. Nikafuta lingine, nikakata, nikaweka kando. Akili yangu haikuwepo, ilikuwa kwenye ile miwani. Meza ilipojaa na kushoto kukaingiliana na kulia, niliona si neno, nitayatenga kwa kunusa. Lenye harufu ya dawa liingie kwenye gunia, lisilo na harufu ni la kula.

Kopo moja lilikuwa limejaa unga mpaka juu. Nilinusa. Unga wa ngano, mkavu, mzuri, hauna hata mdudu mmoja. Nilisema moyoni kwamba mzee alikuwa amejiwekea akiba, masikini, na hakuwahi kuula.

Saa nne hivi aliingia Mama Mikate, jirani wa nyumba ya tatu. Ni mjane, umri wake ni kama wa baba, na kazi yake ni kuoka mikate midogo ya mviringo na kuizungusha mtaani kwenye beseni lenye kifuniko. Huyu mama husema kuliko redio. Aliingia akisema, akaokota fagio akisema, akafagia nusu sebule huku ananieleza habari ya jino lake. Nilitaka kumpa kitu cha baba. Mashati hayakumfaa, redio anayo. Nikampa lile kopo la unga.

"Mama, huu usiharibike bure. Chukua."

Alifungua kifuniko, akatazama, akafunga. "Huu siuweki, mwanangu. Naenda kuuchanganya na wangu sasa hivi, niuoke, nikuletee ukiwa wa moto. Hujala tangu jana, nakuona macho."

Akaondoka nalo kifuani.

Saa saba mchana alirudi. Alikuwa amekwisha kuoka na kupita kwa wateja wake, na mkononi alikuwa na mikate minne kwenye kitambaa cheupe. Aliiweka pembeni mwa meza, akakaa kwenye kochi kupumzisha miguu. Harufu yake ilinifanya nikumbuke kwamba nina tumbo. Nilisema ngoja ninawe kwanza, nikavua zile glavu, nikaenda kwenye ndoo, na nikiwa nanawa akabisha hodi Mzee Pampu.

Mzee Pampu alifanya kazi na baba miaka yote. Magoti yalipomshinda aliacha kubeba, akabaki kuchanganya dawa. Alikuja kuchukua vifaa, kama tulivyokubaliana. Alitusalimu, akanipa pole tena, akalitazama gunia akaridhika, kisha akatazama sakafu. Pale Mama Mikate alipoishia kufagia kulikuwa na kichungu cha nyuzi nyeusi. Aliinama kwa shida akaokota moja.

"Nani amekata hizi?"

"Mimi, mzee. Zilikuwa zinaning'inia tu."

Hakunikaripia. Afadhali angefoka. Alisema polepole, "Haya yalikuwa maandishi yake, mwanangu. Karatasi ya kopo haikumsaidia baba yako. Alikuwa anapapasa uzi kwa kidole. Fundo moja kunguni, mawili mende." Alikuwa anazipekua nyuzi kwa ncha ya kiatu huku anasema, moja moja, kisha akaacha. Aliuokota uzi mmoja akauinua kwenye mwanga wa dirisha. "Matatu," alisema. "Chambo cha panya. Hiki alikuwa anakichanganya mwenyewe, sumu na unga wa ngano. Ukinusa hujui. Kopo lake liko wapi?"

Mimi nilimtazama Mama Mikate. Mama Mikate alitazama kile kitambaa cheupe mezani.

Nimewahi kusikia watu wakisema nywele ziliwasisimka, nikadhani ni namna ya kusema. Nilihisi kichwa changu kinapoa kuanzia utosini kushuka, masikio yakaziba, na kijasho chembamba kikanitoka kila mahali. Nilikuwa nimeshika taulo. Sikujua la kufanya na taulo.

"Kopo liko kwangu," alisema Mama Mikate. "Tupu."

Mzee Pampu alikaa. Alitueleza kwa maneno machache, na kila neno nalikumbuka. Sumu ile haiui papo hapo. Panya akila leo anakwenda zake, anacheza na wenzake, na siku ya tatu au ya nne damu inaanza kumtoka ndani kwa ndani bila kukoma. Binadamu naye vilevile. "Leo hutaona kitu," alisema. "Hospitali dawa yake ipo, lakini iwahi kabla damu haijaanza. Mama, ulipata mikate mingapi?"

"Ishirini na minne." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Minne hiyo hapo. Tisa iko kwenye beseni nyumbani. Kumi na mmoja imetoka."

"Kuna aliyekula?"

"Tuitafute kwanza," alisema, akasimama.

Mzee Pampu alifukua kwenye gunia akatoa paketi ya ile sumu, akasema yeye magoti yake hayakimbii, atatangulia hospitali akamwonyeshe daktari jina la kitu chenyewe. Atakayekuwa amekula tumpeleke huko. Nilifunga ile minne kwenye mfuko, nikatumbukiza kwenye gunia la dawa, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikajaribu kitasa mara mbili, tukatoka.

Njiani sitajisifu. Niliwaogopea watu, ndiyo, lakini nilijiogopea na mimi. Niliona polisi, niliona duka langu limefungwa na watoto wangu wakinyooshewa vidole. Niliona mtaa mzima ukisema kwamba Bwana Panya, ambaye hakuua kuku, ameua watu akiwa siku nne kaburini. Na mwuaji ni mimi na huu mkasi unaonigonga kifuani.

"Mama," nilisema nikiwa nahema, "tusiwaambie ni sumu. Tuseme imeungua, tunawabadilishia."

"Sema unavyotaka," alijibu, "mradi twende."

Wa kwanza walikuwa mafundi wa gereji, watu watano, mikate mitano. Tuliwakuta wameketi kwenye matairi, birika katikati, na mikate iko kwenye kipande cha boksi. Mmoja, fundi wa breki, alikuwa ameuchovya wake kwenye chai. Nikatabasamu. Mdomo ulikuwa umenikauka mpaka midomo ikaganda kwenye meno.

"Jamani, samahanini, hii mikate imeungua chini, tunaichukua tuwaletee mingine."

Waligeuza mikate wakatazama chini. "Haijaungua," alisema mmoja.

"Hata ingeungua," alisema fundi wa breki, "kwa njaa hii mimi nakula na boksi." Wenzake wakacheka. Akauinua mkate unaochuruzika chai.

Sijui kama nilifikiri. Nilimpiga mkono. Chai ilimwagika kwenye ovaroli yake, mkate ukaanguka kwenye vumbi la oili, kicheko kikakatika. Alisimama, naye ni mtu mkubwa, akaniuliza kama nina wazimu.

"Mimi ni binti wa Bwana Panya," nilisema. Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Huo unga una sumu yake. Kosa ni langu. Kuna aliyekula? Niambieni, hata kama ni tonge."

Mkubwa wao aliwatazama vijana wake mmoja mmoja, kila mmoja akatikisa kichwa. Kisha yeye mwenyewe akakusanya mikate kwa kitambaa, hata ule wa kwenye vumbi, akanikabidhi.

"Baba yako alipokuwa anatega hapa," aliniambia, "alikuwa haondoki mpaka kila mtu aseme amesikia. Tumesikia. Nenda kwa wengine, usisimame."

Sikuwa na muda wa kulia. Mitano.

Minne ilikuwa kwa mwalimu wa chekechea. Ni chumba kimoja nyuma ya uzio wa kijani, pembeni mwa barabara ya lami, nami nilikimbia njia nzima, roho mkononi, Mama Mikate akinifuata nyuma kwa mwendo wake. Nilitarajia kelele. Chekechea ina kelele, unaisikia kabla hujaiona. Sikusikia kitu. Nilisukuma mlango.

Walikuwa wamelala sakafuni kwenye magodoro membamba, watoto kumi na wawili, mstari baada ya mstari, na hakuna aliyetikisika. Mmoja alikuwa mdomo wazi. Viatu vyao vimepangwa ukutani. Nilishika fremu ya mlango.

Mwalimu alitokea nyuma ya kabati, kidole mdomoni. "Polepole, dada. Ndiyo kwanza wamesinzia."

"Wamelala?"

"Wamelala, ndiyo. Ndiyo saa yao."

"Wamekula nini, mwalimu?"

"Wali na maharage. Kwani vipi?" Kisha akaona uso wangu. "Kwani vipi?"

Mikate ilikuwa kabatini, minne, imefunikwa kwa sahani. Alikuwa anangoja waamke saa nane awakatie vipande na chai. Nilimwambia mimi ni nani na nimefanya nini, safari hii bila uongo hata chembe. Alinisikiliza huku akinipa mikate mmoja mmoja, kisha akaenda akapiga magoti kati ya magodoro, akaanza kuweka mkono kwenye kifua cha kila mtoto, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Nilisimama mlangoni nikingoja amalize. Nilihesabu naye.

Wa kumi ulikuwa kwa mlinzi wa ghala. Alikuwa amemaliza zamu na anavua koti, mkate uko mfukoni, anampelekea mkewe. Nilipojitaja tu alitoa mkate akaniwekea kiganjani bila swali.

"Hutaki kujua kwa nini?" nilimuuliza.

"Mzee alikuwa akiniambia toka, natoka. Akiniambia rudi, narudi. Miaka yote hiyo na bado nipo. Utaniambia siku nyingine."

Tulirudi nyumbani kwa Mama Mikate kuangalia beseni, na ile tisa ilikuwepo. Nilipanga yote kwenye meza yake ya kukandia. Mitano, minne, mmoja, tisa. Na ile minne iliyofungiwa kwa baba. Nilihesabu tena kwa sababu sikuipenda jumla. Nilihesabu mara ya tatu kwa kugusa kila mkate kwa kidole.

"Ishirini na mitatu," nilisema. "Mama, mmoja haupo. Ulimuuzia nani? Fikiri, tafadhali. Mpita njia? Mtoto?"

Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na oveni, anafungua mkanda wa kiatu. Nikakumbuka kwamba huyu mama, ambaye husema hata akiwa anatafuna, hakuwa amesema maneno kumi tangu tutoke kwa baba.

"Sikumuuzia mtu," alisema. "Wa kwanza kutoka kwenye oveni huwa naula mimi. Siuzi nisichoonja."

Nilimwelewa, na bado nikasubiri aendelee, kana kwamba kuna sentensi nyingine itakayoirudisha ile.

"Ulikula saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Na umetembea na mimi muda wote huu."

"Ningekwambia pale kwa baba yako, ungeniburuta hospitali palepale. Nakujua tangu hujaota meno. Na wale watoto wangeamka wakapewa chai." Alifunga tena mkanda wa kiatu, akafunga vizuri, mafundo mawili. "Sasa nishike mkono. Nimeanza kuogopa."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, na mimi ndiye niliyelia. Mkubwa wa gereji alitupeleka kwa gari la mteja lisilo na kioo cha mbele. Hospitalini Mzee Pampu alikuwa kwenye benchi, paketi mapajani, na daktari, dada mdogo mwenye miwani, alikuwa ameshajua kila kitu kasoro jina la mgonjwa.

"Umekula kiasi gani, mama?"

"Mmoja."

"Wote, au kipande?"

"Wote, daktari. Ulikuwa umeiva vizuri."

Mzee Pampu aligeukia ukuta. Daktari aliandika, akamchoma sindano, akamlaza. Nilimfuata korido nzima nikimuuliza kama atapona. Alisema tumewahi, na kuwahi ni jambo kubwa, lakini sumu hii hukaa mwilini muda mrefu. Atampima damu kila asubuhi na atamwongezea dawa kadiri itakavyohitajika. Nikamuuliza tena atapona au hatapona. Alisema, "Niulize siku ya tano."

Leo ni siku ya nne, Jumatatu. Naandika haya nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, nyuma ya daftari la vipimo vya wateja wangu. Mume wangu yuko na watoto. Mwenye nyumba amenipa wiki nyingine, sijui nani alimwambia. Mgonjwa wangu ameanza tena kusema sana: amewaeleza wodi nzima habari ya jino, amemfundisha nesi kukanda, amegombana na uji wa hospitali. Kila akicheka najiambia mtu anayecheka hivi hawezi kuwa anatoka damu ndani. Kisha namkumbuka yule panya anayecheza na wenzake, na ninakaa chini.

Asubuhi hii nilimletea mswaki na kikombe cha maji. Alisugua meno, akasukutua, akatema, na alipomaliza akakisukuma kile kikombe nyuma ya kabati la kitanda, akakifunika kwa kitambaa, akaniuliza kama duka langu nimelifungua. Aliuliza kwa furaha kabisa. Nilizunguka upande wa pili nikaondoa kitambaa. Maji yalikuwa mekundu.

"Ni fizi tu," alisema. "Ni lile jino. Usimsumbue daktari, ana watu wengi."

Nilikimbia korido nikiwa na kikombe mkononi, nikapita foleni, nikaingia chumba cha daktari bila kubisha hodi. Alikitazama, akasimama, akamwacha mgonjwa aliyekuwa mbele yake. Daktari na nesi wako kwa Mama Mikate sasa, pazia limefungwa, na mama namsikia kutoka huku nje. Anawaambia si kitu, waende kwa wengine kwanza.